Damu ya Pwani, mtoto wa Kitengela: kinga ya mwili ina kazi gani hasa?

Desemba ya mwaka juzi, shule zilipofungwa, tulishuka Kilifi na watoto. Mama alikuwa amewatandikia mkeka, na jioni nilipoanza kuulizia chandarua alinicheka. "Hawa ni wajukuu zangu," akasema. "Damu yetu hii. Mbu wa hapa wanaijua." Mke wangu, ambaye ni mtu wa bara, alinitazama. Mimi nikanyamaza, kwa sababu mwenyewe nimelala miaka ishirini katika nyumba hiyo hiyo bila chandarua, na malaria ya kulazwa siikumbuki.

Siku chache baada ya kurudi Kitengela, binti yangu wa miaka sita akashikwa na homa. Kituo cha kwanza tulichompeleka walimpa dawa ya mafua. Siwalaumu sana. Kitengela kuna baridi, watoto wanakohoa mwaka mzima, na hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi, wala sisi hatukusema. Siku ya tatu mtoto alikuwa akiitwa haitiki. Hospitali ya pili ndiyo iliyompima damu, na malaria ikaonekana. Alilazwa siku nne, akapona, alhamdulillahi. Nilipompigia mama simu kumweleza, alikaa kimya kidogo kisha akauliza: "Kwani damu yetu imekwenda wapi?"

Swali hilo nimelibeba tangu siku ile, na makala haya ni jaribio la kumjibu mama. Nimegundua kwamba halijibiki kabla ya kujibu lingine kubwa zaidi, ambalo wataalamu wenyewe bado wanalibishania: kinga ya mwili ipo kwa ajili gani, na ilianzaje?

Jibu tulilofundishwa shuleni ni la vita. Mwili ni boma, vijidudu ni maadui, chembe nyeupe za damu ni askari. Picha hii ina historia, na historia yenyewe inaanzia ufukweni. Mwaka 1882, mwanasayansi Elie Metchnikoff, aliyezaliwa katika dola ya Urusi, alikuwa Messina, kisiwani Sicily, akichunguza viluwiluwi vya kiti cha pwani, yule yule tunayemwona mwambani maji yakitoka. Viluwiluwi hivyo mwili wake ni kama kioo, unaona ndani. Metchnikoff akamchoma mmoja kwa mwiba mdogo wa bustanini. Asubuhi yake alikuta seli zimeukusanyikia ule mwiba kama watu waliosikia ukelele. Alisema seli hizo zinakula kila kigeni kinachoingia mwilini, na mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani, aliyekuwa na maelezo yake tofauti kuhusu kinga iliyo katika maji ya damu.

Lakini Metchnikoff mwenyewe hakuanza na vita. Alikuwa akichunguza mmeng'enyo wa chakula. Aliona kwamba kiumbe cha seli moja hula kwa kukizunguka chakula na kukimeza, na kwamba seli zinazomeza vijidudu mwilini mwetu zinafanya tendo lile lile. Kwa maneno mengine, mlinzi wetu wa kwanza alikuwa mla chakula aliyebadilishwa kazi. Najua baadhi yenu neno mageuko linawakwaruza, na sitaki kuugeuza ukurasa huu uwanja wa mabishano ya dini. Ninachosema ni kwamba ukitazama kinga ya mwili kwa makini, haifanani na jeshi lililoundwa siku moja kwa amri moja. Inafanana zaidi na nyumba ya ukoo: chumba kimoja cha udongo, kingine cha matofali, bati limeongezwa juu ya makuti, na mlango wa nyuma haujulikani ulitobolewa na nani.

Jirani yangu wa upande wa pili wa ua ni mzee wa Kimaasai ambaye bado anafuga. Kwake kila mtu wa Pwani ni wa Mombasa, na nimeacha kumsahihisha. Nilipomsimulia habari za binti yangu, hakushangaa. "Mtu wa Mombasa," akaniambia, "mtoto wako amepatwa kama ng'ombe aliyelishwa na nyumbu." Nikadhani ananitania. Kumbe ananipa somo.

Nyanda hizi za Kitengela zinapakana na upande wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kabla ya ua, mageti na maghorofa kuzifunga, nyumbu walikuwa wakitoka mbugani kwa wingi kuja huku, na huku ndiko walikozalia. Wafugaji walijua tangu zamani kwamba nyumbu wakizaa, ng'ombe aondolewe. Ndama wa nyumbu hubeba virusi puani na machoni katika miezi yake ya kwanza, na anavitoa kwenye majani huku akirukaruka mzima wa afya. Ng'ombe akivipata, macho yanaingia ukungu, pua zinavuja, homa inapanda, na karibu wote wanaougua hufa. Wamaasai waliyaacha malisho mazuri kabisa, kwa miezi, kwa kuwakimbia wanyama wasioumwa na chochote. Wataalamu wa kizungu hawakulimaliza jambo hilo mpaka mwaka 1960, pale Walter Plowright na wenzake wa kituo cha utafiti cha Muguga, ng'ambo ya pili ya Nairobi, walipovipata virusi hivyo ndani ya nyumbu wazima. Huyu Plowright ndiye yule yule wa chanjo ya sotoka, ugonjwa uliotangazwa mwaka 2011 kuwa umefutika duniani.

Na hapa ndipo nilipokaa kitako. Ng'ombe huyo hauawi tu na virusi vinavyomla. Sehemu kubwa ya madhara inatoka kwa chembe nyeupe zake mwenyewe, zinazoongezeka ovyo na kuvamia viungo vyake. Walinzi wameiteketeza nyumba. Nyumbu hakuviua virusi. Anavyo, na anaishi navyo. Ukiuliza ni nani kati ya wawili hawa mwenye kinga nzuri, jibu la shule linakwama: anayepigana kwa nguvu ndiye anayekufa.

Mzee ana mfano wa pili, na huu ni wa karibu zaidi kwa sababu umemla ndama wengi kuliko nyumbu. Ndigana kali huletwa na kupe wa masikioni. Kimelea chake, kinachoitwa Theileria, hakikimbii chembe nyeupe za damu. Kinaingia ndani yake na kuzilazimisha zizaliane, nacho kinagawanyika pamoja nazo, kama mwizi aliyehamia kituo cha polisi na kuanza kuajiri. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu unaua zaidi ya ng'ombe milioni moja kila mwaka katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Nyati wanacho kimelea hicho hicho kwa kawaida bila kuugua. Ng'ombe wa kienyeji aliyezaliwa kwenye kupe ana nafasi ya kupona. Yule Friesian wa maziwa ambaye watu wa Kitengela na Ngong hununua kwa mkopo akiwa hajawahi kuumwa na kupe, huyo unaweza kumzika kabla hujamaliza kulipa.

Dawa yake ilipatikana Muguga miaka ya 1970, na ni ya ajabu kwa mtu aliyezoea picha ya vita. Ng'ombe hudungwa vimelea hai vya ndigana, na wakati huo huo hudungwa dawa ya oksitetrasiklini inayokaa mwilini siku nyingi. Anaambukizwa kwa makusudi huku ameshikwa mkono. Anaumwa kidogo au haumwi kabisa, mwili wake unajifunza, na baada ya hapo kinga hukaa naye miaka mingi, mara nyingi maisha yake yote. Wengi huendelea kubeba vimelea vichache mwilini. Hawakushinda vita, wamefikia mapatano. Mzee ana hereni za njano kwenye masikio ya ndama wake kuonyesha waliokwisha dungwa, na anazitazama kama mtu anayetazama hati ya shamba.

Sasa turudi kwa wataalamu, kwa sababu huu ndio ubishi wao. Kuanzia mwaka 1949, Macfarlane Burnet wa Australia alijenga hoja kwamba kazi ya kinga ni kutofautisha mwenyeji na mgeni: kilicho changu kiachwe, kisicho changu kifukuzwe. Hoja hii ilizaa matunda mengi na kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 1960, pamoja na Peter Medawar wa Uingereza. Lakini Medawar mwenyewe alikuwa ameshauliza, mwaka 1953, swali ambalo mkunga yeyote angeliuliza: kama kila kigeni hufukuzwa, mbona mama hubeba miezi tisa mtoto ambaye nusu yake ni ya baba? Na chakula je? Na hao bakteria matrilioni tulio nao tumboni?

Mwaka 1994, Polly Matzinger, mtafiti nchini Marekani, akaligeuza swali. Alisema mwili hauulizi "wewe ni mgeni?" Unauliza "kuna kilichoharibika?" Seli zinazokufa vibaya hupiga kelele, na ni kelele hizo zinazoamsha kinga. Mgeni mtulivu anapita, na mwenyeji mharibifu anakamatwa. Wapinzani wake walisema, na wana hoja, kwamba mwili pia una vipokezi vinavyozitambua alama za bakteria moja kwa moja bila kungoja uharibifu. Mimi naona pande zote mbili zina ukweli wake, na kwamba kosa ni kudhani nyumba iliyojengwa kwa vipande, vizazi baada ya vizazi, lazima iwe na kusudi moja.

Wapwani tunaweza kuufuata ubishi huu kwenye soko la samaki. Tazama meza. Papa na taa wana kinga inayokumbuka kama yetu: wakikutana na adui mara moja, wanatengeneza kingamwili maalumu dhidi yake. Pweza, ngisi, kaa na chaza hawana kinga ya namna hiyo. Wana ile ya zamani tu, ya kumeza na kumwaga sumu, na wamejaa baharini tangu kale bila kuomba msaada. Kinga yenye kumbukumbu ya namna yetu ilitokea kwa mababu wa samaki wenye mataya, yapata miaka milioni 500 iliyopita. Watafiti wengi wanaona kwamba chombo chake kikuu kilitokana na kipande cha jeni kirukaji, kimelea cha jeni chenye tabia ya kujikata na kujipachika, ambacho kilifugwa kikapewa kazi ya kuchanganya jeni za kingamwili. Samaki wasio na mataya waliunda kumbukumbu yao kwa vifaa vingine kabisa.

Kama pweza anaishi bila hiyo, basi ilikuwa ya nini? Margaret McFall-Ngai, anayechunguza ngisi mdogo wa Hawaii anayefuga bakteria wenye kutoa mwanga, alitoa wazo mwaka 2007 ambalo kwangu ndilo linalowaka kuliko yote. Alisema huenda kumbukumbu hiyo haikuanza kwa ajili ya kuua adui wengi zaidi. Wanyama wenye uti wa mgongo wana jamii kubwa sana za bakteria wenye faida ndani yao, kuliko pweza na kaa, na mwenye wapangaji wengi anahitaji daftari. Lazima ajue nani alishakuja, nani analipa, nani ni wa kutoa. Ni wazo, halijathibitishwa, na wako wanaosema kwamba magonjwa peke yake yanatosha kueleza. Lakini linaeleza nyumbu na nyati vizuri kuliko picha ya jeshi.

Basi, mama, damu yetu imekwenda wapi?

Haikwenda popote. Una haki nusu, na nusu hiyo imeandikwa kwenye vitabu vya sayansi kwa jina la Pwani yetu. Mwaka 1949, kijana Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka nchi akichukua damu. Akakuta kwamba karibu na Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 katika baadhi ya jamii wamebeba jeni moja ya seli mundu. Katika makabila kadhaa ya nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Ramani hiyo ilikuwa ni ramani ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja analindwa na malaria, ilhali mwenye mbili anapata ugonjwa wa seli mundu. Huo ndio ulinzi wa kurithi, na bei yake wanaijua wazazi wanaokesha na watoto wenye maumivu ya mifupa. Hivi karibuni zaidi, mwaka 2020, watafiti waliofanya kazi na damu ya watoto wa Kilifi walieleza jinsi aina ya damu iitwayo Dantu inavyoukaza utando wa chembe nyekundu hata kimelea kikashindwa kupenya.

Lakini urithi huo ni bahati nasibu. Binti yangu ana baba wa Kilifi na mama wa bara. Jeni hizo huenda nilikuwa nazo nisimpe, huenda sikuwa nazo kabisa. Na hata aliyezipata, peke yake hazimtoshi. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2005 na Thomas Williams na wenzake ulionyesha kwamba ulinzi wa jeni ya seli mundu dhidi ya malaria ya kawaida ulikuwa takriban asilimia 20 tu kwa watoto wa chini ya miaka miwili, ukapanda mpaka asilimia 56 walipofika miaka 10. Jeni haikubadilika katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni kwamba mwili ulikuwa ukijifunza, na jeni ikawa inausaidia kujifunza.

Nusu ya pili ni hiyo ya kujifunza, na haimo kwenye damu ya ukoo. Mtoto wa mahali penye malaria nyingi huzaliwa na kingamwili za mama yake, zinakwisha baada ya miezi michache, kisha anaanza darasa lake mwenyewe, na darasa hilo linaua. Wanaovuka wanafika ukubwani wakiwa na kinga ya namna ya nyati: kimelea kinaweza kuwa kwenye damu na mtu anakwenda shamba, hana homa. Ndivyo nilivyokuwa mimi. Sikuwa nimeishinda malaria, tulikuwa tumezoeana, na nilisahau kwamba kuna wenzangu wa utotoni ambao hawakulimaliza darasa hilo. Tunawakumbuka wazima kwa sababu ndio walio hai kutusimulia.

Bakteria, kiumbe tunayemdharau, hutushinda hapa. Baadhi yao wakishambuliwa na virusi huhifadhi kipande cha jeni za virusi hivyo ndani ya jeni zao, kama picha ya mhalifu, na wakigawanyika watoto wao wanazaliwa na picha hiyo. Sisi hatuwezi. Nilichojifunza mimi Kilifi hakikumfikia binti yangu aliyezaliwa Kitengela, penye baridi, mahali ambapo mbu hapewi joto la kutosha kukikuza kimelea. Hata mimi mwenyewe nimekaa huku miaka kumi na mbili, na kinga ya kuzoeana hupungua mazoea yakikatika. Mjukuu wa mama ni Friesian. Nilipomwambia hivyo, alikasirika, kisha akacheka.

Ndiyo maana siku hizi nikiona chupa za "kuongeza kinga" zikipitishwa kwenye matatu ya Namanga Road, huuliza kuongeza nini. Ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa wa nyumbu kinga yake ilikuwa imeongezeka kupita kiasi. Mwenye pumu, mwenye mzio wa kamba, mwenye baridi yabisi ya viungo, hawa kinga yao haikupungukiwa na nguvu. Chanjo ni kitu kingine: inafundisha, haiongezi kelele. Na ukiwa unashuka na watoto waliozaliwa huku juu, wa Ngong, Rongai, Kitengela au Isinya, muulize daktari mapema kabla ya safari kama kuna dawa ya kuwakinga njiani, walale ndani ya chandarua usiku wa kwanza mpaka wa mwisho, na homa yoyote katika wiki kadhaa baada ya kurudi, mwambie mhudumu kwanza kabisa: tumetoka Pwani, mpime malaria. Sisi hatukulisema neno hilo, na lilitugharimu siku tatu.

Desemba hii tunashuka tena. Mama ametuma picha kwa simu ya mpwa wangu: vyandarua vitatu vimetundikwa, kimoja juu ya kitanda chake mwenyewe. Chini yake ameandikisha, "Walete hao ng'ombe wako wa kizungu."